Kumlisha na Kumtenga Samaki Mchaguzi wa Maji ya Chumvi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Chama cha Elimu ya Viumbe



Neno karantini si geni masikioni mwetu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, shule zilifungwa, na wasafiri wengi waliotoka ng'ambo walitakiwa kukaa peke yao siku 14 kabla ya kuchanganyika na watu. Lakini desturi hiyo ni ya kale sana. Mwaka 1377 wakuu wa mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik katika nchi ya Kroatia, waliamuru kwamba atokaye mahali penye tauni akae mbali siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku hizo zilifanywa 40, na kwa Kiitaliano arubaini ni quaranta. Ndiko lilikotoka neno letu.

Katika makala hii nitaeleza karantini ya namna nyingine, yaani ya samaki wadogo wa baharini wafugwao katika tangi la kioo. Chama chetu kina tangi la maji ya chumvi katika maabara, na wenzetu wengi husimama dirishani kulitazama. Swali wanalouliza ni moja: "Mbona yule mdogo amewekwa peke yake katika kitangi kitupu, hali tangi kubwa lina nafasi?" Wengine hudhani ameadhibiwa. Basi hili ndilo jibu, nami nitalitoa kwa utaratibu ili hata wazazi wetu na ndugu wa vidato vya chini wapate kulifuata.

1. MAJI KWANZA

Kabla ya kusema habari za samaki, hapana budi tuseme habari za maji. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Joto lifaalo kwa samaki wa matumbawe ya pwani yetu ni nyuzi 25 hadi 27 za sentigredi. Maji tunayateka wakati bahari imejaa, mbali na mdomo wa mto, tunayachuja kwa kitambaa kizito, kisha tunayahifadhi katika pipa lenye kifuniko, gizani, majuma mawili au zaidi.

Samaki akila hutoa uchafu, na katika uchafu huo imo amonia, ambayo ni sumu. Baharini amonia huchukuliwa na maji mengi yasiyo na mwisho. Lakini ndani ya tangi haina pa kwenda. Kwa bahati njema wako bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, isiyodhuru upesi. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na ndani ya chujio. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha, na kwa hiyo samaki atiwaye mapema katika tangi jipya huuawa na uchafu wake mwenyewe. Hili tulishike vizuri, maana litarudi tutakaposema juu ya kitangi cha kutengea.

2. SAMAKI MCHAGUZI NI YUPI?

Samaki wengine ni kama wanafunzi wenye njaa baada ya mbio: hawaulizi kimepikwa nini. Wengine, ijapokuwa wamezungukwa na chakula, hufa kwa njaa kwa sababu chakula hicho si kile wanachokijua. Si kwamba wana kiburi. Kinywa cha samaki, tumbo lake na macho yake vimeumbwa kwa kazi maalumu. Nitataja watatu.

Wa kwanza ni farasi wa bahari. Huyu hana meno wala hana tumbo la kuwekea chakula. Huvizia kijidudu kinachopita, akakifyonza kwa mdomo wake ulio kama mrija. Chakula hupita upesi ndani yake, kwa hiyo hana budi kula mara nyingi kwa siku, na kwa kawaida hataki kitu kisichotikisika.

Wa pili ni samaki mandarini, mwenye rangi za buluu na chungwa. Kwao ni magharibi ya bahari ya Pasifiki, kuanzia visiwa vya kusini mwa Japani hadi Australia. Hapa kwetu hayuko. Hana magamba, bali mwili wake umefunikwa kwa ute mzito. Kutwa nzima hudonoa vijidudu viitwavyo kopepodi juu ya mawe, kimoja kimoja. Katika nchi nyingi watu humnunua kwa uzuri wake, wakamtia katika tangi jipya lisilo na kopepodi, naye akakonda hadi kufa huku chakula cha unga kikielea mbele ya macho yake. Siku hizi wako mandarini waliozaliwa katika matangi na kufundishwa tangu udogo kula chakula kilichogandishwa, na hao ni afadhali kwa mfugaji.

Wa tatu ni wa kwetu. Ni kitatange mdogo ambaye wataalamu humwita Centropyge acanthops. Hupatikana katika pwani ya Afrika Mashariki, mwili wake wa buluu iliyokolea na mgongo wake wa rangi ya chungwa, na urefu wake haupiti sentimita 8 hivi. Huishi kati ya vipande vya matumbawe yaliyovunjika, akikwangua mwani mfupi uotao juu yake. Akifika tangini mgeni na mwenye hofu, hujificha, wala hatambui kwamba kipande cha kamba kinachoshuka majini ni chakula.

3. ADUI ASIYEONEKANA

Adui mkuu wa samaki hawa ni kimelea cha seli moja ambacho jina lake la kitaalamu ni Cryptocaryon irritans, kilichopewa jina hilo mwaka 1951. Sisi tunayaita maradhi yake madoa meupe. Maisha yake yana vituo vinne, na mtu asiyevijua hawezi kumponya samaki wake ila kwa bahati.

Kituo cha kwanza: kimelea hukaa chini ya ngozi ya samaki na katika mashavu yake ya kupumulia, akila mwili wa samaki siku 3 hadi 7. Hapo ndipo tunapoona vidoa kama chembe za chumvi. Kituo cha pili: hujitoa katika samaki, kwa kawaida wakati wa giza, akaanguka chini. Kituo cha tatu: hujigandisha juu ya jiwe, mchanga au kioo, akajifunika kwa ganda, na ndani ya ganda hugawanyika mara nyingi, hata kupata watoto mia mbili au zaidi. Kituo cha nne: ganda hupasuka, watoto wakatoka kuogelea kumtafuta samaki, nao wasipompata kwa muda wa siku moja au mbili hufa.

Angalieni hila iliyopo hapa. Vidoa vinapotoweka, mfugaji hufurahi, hudhani samaki amepona. Kumbe vimelea wametoka kwenda kuzaana tu, na baada ya siku chache watarudi kwa wingi zaidi. Kwa kawaida ganda hupasuka kati ya siku 3 na 28, lakini katika uchunguzi mmoja yalionekana maganda yaliyokawia hata siku 72. Kwa sababu hiyo, tangi kubwa likishaingiwa na maradhi haya, wafugaji wengi huwaondoa samaki wote na kuliacha bila samaki siku 76. Huo ni karibu muhula mzima.

4. SHIDA MBILI ZINAZOPINGANA

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Samaki mgeni yampasa atengwe, ili asilete maradhi. Lakini kitangi cha kutengea ni kitupu: hakina mawe yenye mwani, hakina kopepodi, hakina maficho ya asili. Kwa samaki mlafi hilo si neno. Kwa samaki mchaguzi kutengwa kwaweza kuwa ni kufungiwa katika chumba kisicho na chakula. Ukimtenga ovyo, atakufa kwa njaa. Usipomtenga, ataua wengine kwa maradhi. Kwa hiyo wako watu wasemao kwamba samaki wachaguzi wasitengwe kabisa, bali watiwe moja kwa moja katika tangi kubwa lenye chakula cha asili.

Mimi nasema shauri hilo ni baya, lakini sababu yake ni ya kweli. Dawa yake si kuacha kutenga. Dawa yake ni kutayarisha chakula kabla ya kumpata samaki. Mgeni hapikiwi baada ya kulala na njaa.

5. KITANGI CHA KUTENGEA

Kitangi cha lita 40 hadi 80 chatosha kwa samaki mmoja au wawili wadogo. Kiwe na mambo yafuatayo:

(a) Chini pasiwe na mchanga wala mawe, ili uchafu uonekane na kufyonzwa kila siku kwa mpira.

(b) Viwepo vipande vya bomba la plastiki kwa maficho. Samaki aliyejificha hupata utulivu, na samaki aliyetulia hula mapema.

(c) Chujio la sponji lisukumwalo na hewa. Sponji hiyo ikae kwanza katika tangi kubwa lisilo na ugonjwa majuma 4 hadi 6, ipate bakteria tuliowataja. Mtu akiinunua leo na kuitia leo, ni sponji ya kuogea tu.

(d) Pande tatu zifunikwe kwa karatasi nyeusi, na juu pawe na kifuniko, maana samaki mwenye hofu huruka.

(e) Kiwavu, ndoo na mpira wake viwe vyake peke yake. Mkono uliotoka humo uoshwe na kukaushwa kabla ya kuingia katika tangi kubwa.

Kwa shule za bweni naongeza jambo la sita: pampu ya hewa ya betri. Umeme ukikatika usiku wa manane, hakuna mwanafunzi atakayekuwa macho maabarani.

Siku ya kumpokea samaki, mfuko wake uelee juu ya maji kwa dakika 15 au 20 ili joto lilingane. Ikiwa amesafiri saa nyingi, msikawie baada ya kufungua mfuko. Ndani ya mfuko uliofungwa hewa chafu aliyoipumua hufanya maji kuwa na uchachu kidogo, na katika hali hiyo amonia haimdhuru sana. Mfuko ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka, uchachu hupungua, na amonia ile ile hugeuka kuwa sumu kali. Kwa hiyo chumvi ya kitangi ilinganishwe na ya mfuko mapema, kisha samaki ahamishwe bila kumwaga maji ya mfuko ndani.

6. CHAKULA

Chakula cha kwanza ni atemia, yaani kijidudu cha jamii ya kamba kikaacho katika maziwa na mabwawa ya chumvi nyingi. Mayai yake makavu huuzwa katika makopo, na mengi ya ulimwengu hutoka Ziwa Kuu la Chumvi la Utah, Marekani. Katika miaka ya 1980 atemia walipandwa hata katika mabwawa ya chumvi ya pwani ya Kenya, upande wa Malindi, na wakashika. Njia ya kuwaangua ni hii. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja, uikate kitako na kuigeuza kichwa chini. Tia maji yenye chumvi gramu 25 hadi 35, na mayai gramu 1. Peleka hewa kwa nguvu chini kabisa, joto liwe nyuzi 26 hadi 28, na taa iwake karibu. Kwa muda wa saa 24 hadi 36 wataanguliwa. Zima hewa kwa dakika kumi: maganda yataelea juu, na watoto, ambao hufuata mwanga, watakusanyika mahali unapomulika. Wafyonze, wachuje kwa kitambaa laini, waoshe, uwape samaki.

Wapewe samaki mara moja. Mtoto wa atemia huzaliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai, na nguvu zote zimo humo. Baada ya saa 8 hadi 12 hivi hujivua ngozi ya kwanza, na akiba hiyo imekwisha kupungua. Atemia aliyelala ni kama chungu kilichokwisha kukombwa: samaki hushiba kwa macho, mwili ukadhoofika.

Chakula cha pili ni kopepodi, ambao wafaa zaidi kwa mandarini na farasi wa bahari wadogo. Wafugwe katika ndoo ya maji ya chumvi isiyo na samaki, wakilishwa maji ya kijani yenye mwani wa seli moja.

Chakula cha tatu ni mawe yaliyoota mwani, kwa vitatange. Tia mawe katika ndoo za maji ya chumvi, uziweke juani, uongeze maji baridi ya bomba yaliyokaa siku mbili kila yanapopungua kwa jua. Lakini sharti ndoo hizo zisiwe na samaki kwa siku 76 au zaidi, la sivyo jiwe litaleta maradhi yale yale tunayoyakimbia.

Kumwachisha samaki chakula hai na kumzoeza chakula cha kawaida ni kazi ya subira, kama kumwachisha mtoto ziwa. Kwanza mpe chakula hai tu, mpaka ale bila hofu. Kisha changanya na uduvi mbichi uliosagwa, kidogo sana, ukipeperushwa na mkondo wa hewa ili uonekane kama unaogelea. Halafu punguza chakula hai siku hata siku. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, ukitoa chembe chache karibu na maficho yake. Chakula kisicholiwa baada ya nusu saa kifyonzwe chote, maana chakula kinachooza ni amonia ya kesho.

Kila siku mtazame tumbo na nyama ya nyuma ya kichwa. Tumbo likiingia ndani na kisogo kikibonyea, samaki anakula akiba ya mwili wake, hata kama mwamwona akizunguka kwa furaha.

7. KUHAMISHA KILA SAA 72

Yako maradhi mengi na dawa nyingi. Dawa ya shaba ni maarufu kwa madoa meupe, lakini ina hatari: kiasi chake chahitaji kupimwa kila siku, huua kopepodi na viumbe vyote visivyo na uti wa mgongo, na samaki kama mandarini na farasi wa bahari hawaistahimili vema. Aidha samaki aliye katika dawa mara nyingi huacha kula. Kwa mchaguzi, hilo ni pigo juu ya pigo.

Iko njia isiyo na dawa. Tumeona kwamba kimelea akimtoka samaki, ganda lake halipasuki kabla ya siku 3. Basi samaki huhamishwa kila baada ya saa 72 katika kitangi kingine safi na kikavu kilichotiwa maji mapya, mara nne, siku 12 kwa jumla. Vimelea walioanguka huachwa nyuma kabla hawajazaa. Kitangi kilichoachwa, pamoja na bomba, sponji na kiwavu, huoshwa na kukaushwa kabisa juani. Kuhama kufanywe mchana, na samaki abebwe katika kichungio cha plastiki pamoja na maji machache iwezekanavyo. Kwa kuwa maji ni mapya kila siku ya tatu, amonia nayo haipati muda wa kuzidi.

Njia hii huondoa madoa meupe tu. Maradhi mengine, kama minyoo ya ngozi, hayaponi kwa kuhama. Kwa hiyo baada ya siku 12 samaki aendelee kutazamwa hadi mwezi mmoja.

8. HABARI YA VITATANGE WAWILI

Muhula uliopita mvuvi mmoja, kwa idhini ya afisa wa uvuvi, alituletea vitatange wawili aliowashika kwa kiwavu cha mkono. Mwalimu mlezi wa chama alimwuliza, "Mzee, hawa hula nini?" Akajibu, "Huyu hali chambo, mwanangu. Huyu hula mwamba."

Tuliwatenga katika kitangi kimoja, kioo chenye matundu kikiwa katikati ili wasipigane. Ndoo za mawe zilikuwa tayari, zimekaa bila samaki tangu muhula wa kabla ya huo. Siku ya pili tukatia jiwe moja kila upande. Siku ya tatu yule mdogo alitoka akalidonoa. Yule mkubwa hakutoka.

Siku ya nne wanachama waligawanyika. Wengine walitaka yule mkubwa ahamishiwe tangi kubwa jioni ile ile. Katibu wetu alisema kwa uchungu, "Anakufa kwa njaa mbele yetu, na mwani uko hatua mbili kutoka hapa. Hii si karantini, ni jela." Wengine walisema asubiri. Tangi kubwa lilikuwa na samaki sita, waliotunzwa na wanafunzi wa miaka miwili. Mwalimu alitusikiliza wote, kisha akasema atabaki, ila jiwe lake libadilishwe kwa lenye mwani mwingi zaidi, na taa ipunguzwe.

Siku ya tano jioni vidoa vilionekana juu ya mapezi ya wote wawili. Tukaanza kuwahamisha usiku huo huo bila kungoja mchana. Siku ya saba yule mkubwa alikutwa amekufa ndani ya bomba lake.

Maabara ilikuwa kimya siku hiyo. Mwalimu hakumlaumu mtu. Alikata kipande kidogo cha shavu la kupumulia, akakiweka chini ya hadubini, akatuita mmoja mmoja. Kila aliyetazama aliona duara la rangi ya kijivu, lenye vinywele pembeni, likizunguka polepole kama gurudumu. Hakuwa mmoja, walikuwa wengi. Katibu alitazama kwa muda mrefu, kisha akanyanyuka akaenda kutazama tangi kubwa, akawahesabu wale sita.

Yule mdogo tulimhamisha siku ya 8, ya 11, ya 14 na ya 17, kila mara na jiwe jipya kutoka ndoo, na jiwe la zamani likianikwa juani. Siku ya 20 alikula uduvi uliosagwa kwa mara ya kwanza. Siku ya 45 aliingia tangi kubwa, mnene, naye sasa hufika mbele ya kioo aonapo kivuli cha mtu. Wale sita hawakupata hata doa moja.

9. WASIOFAA KULETWA KABISA

Mwisho, karantini bora kuliko zote ni kumwacha samaki baharini ikiwa huwezi kumlisha. Wako samaki vipepeo ambao chakula chao ni matumbawe hai tu. Chaetodon trifascialis, aliyeko hata katika pwani yetu, hutegemea zaidi matumbawe ya jamii ya Acropora. Huyo hakuna mpishi wa kumridhisha. Farasi wa bahari wamo katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na ulinzi huo ulianza kufanya kazi mwaka 2004. Katika hifadhi za bahari, kama ile ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, au zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, yako mahali ambapo haturuhusiwi kuchukua hata kombe. Na katika nchi nyingine, kama Ufilipino, tangu miaka ya 1960 wako wavuvi waliotumia sumu ya sianidi kuwalewesha samaki wa mapambo. Samaki wa namna hiyo huweza kuonekana mzima dukani, kisha akafa baadaye bila sababu kuonekana. Kwa hiyo yafaa mtu aulize samaki ameshikwa wapi na kwa njia gani kabla ya kuuliza bei.

Basi, wenzangu, atakayepita dirishani pa maabara na kumwona samaki peke yake katika kitangi kitupu, asimhurumie upesi. Atazame kama jiwe lake lina mwani na kama tumbo lake limejaa. Akiona hivyo, ajue kwamba samaki huyo yuko katika mikono mizuri. Asipoona hivyo, na agonge mlango atuambie.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini vidoa vikitoweka si dalili kwamba samaki amepona?
2. Kwa nini samaki huhamishwa kila saa 72, wala si kila juma?
3. Sponji mpya ina upungufu gani?
4. Kwa nini atemia walioanguliwa jana hawafai kama wale wa leo?
5. Ungekuwa mwanachama siku ile ya nne, ungepiga kura upande gani, na kwa sababu gani?